Picha Zilizonunuliwa kwa Mawese

Mbuzi amesimama kwenye ukoko wa chumvi, miguu imemlegea, kinywa kiko wazi, pembe zimezungushiwa kitambaa chekundu. Karibu naye imelala mifupa ya ngamia. Nyuma yake maji ya Bahari ya Chumvi yametulia, na ng'ambo milima imewaka zambarau na waridi, rangi ambazo mtu asiyewahi kuona magharibi ya jangwani atadhani mchoraji amezidisha. Picha hii ya William Holman Hunt, aliyoichora kati ya 1854 na 1856, ndiyo iliyonisimamisha muda mrefu kuliko zote katika jumba la sanaa la Lady Lever, kwenye kijiji cha Port Sunlight, upande wa pili wa mto Mersey ukitokea Liverpool.

Habari yake imo katika Mambo ya Walawi, sura ya 16. Siku ya Upatanisho kuhani aliweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, akakiri dhambi za taifa zima, kisha mnyama akapelekwa nyikani nazo. Hunt hakutaka kuichora habari hiyo akiwa amejifungia chumbani London. Alisafiri mpaka ufuko wa kusini wa Bahari ya Chumvi, akakaa juani na brashi mkononi na bunduki karibu, maana nchi haikuwa salama. Mbuzi wake akamfia. Akachukua chumvi na tope la mahali pale, akarudi nalo Yerusalemu, akamsimamisha mbuzi mwingine juu yake ili kwato zionekane zinavyozama. Yeye na wenzake, akina John Everett Millais na Dante Gabriel Rossetti, walikuwa wameanzisha udugu wao mwaka 1848 wakiamini kwamba kitu kikichorwa kichorwe jinsi kilivyo, hata kama ni jani moja. Mbele ya mbuzi huyu niliielewa imani hiyo. Manyoya yake unaweza kuyahesabu, na uchovu wake unauona kwenye magoti.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, nimekulia chini ya michikichi. Baba mdogo alikuwa mkwezi. Alifunga kamba kiunoni na kuizungusha mtini, akapanda na panga, akaangusha mikungu ya chikichi ambayo miiba yake ilituchana vidole wakati wa kupukuchua. Mama alichemsha, akatwanga, akakamua mawese mekundu ya kupikia. Kokwa zilizobaki, mise, zilipasuliwa kwa jiwe, na mafuta yake yakaenda kwenye sabuni, kwa kuwa ndiyo yanayotoa povu zuri. Kwa hiyo mwanangu anayeishi Liverpool aliponiambia pale mlangoni, "Mama, aliyejenga hapa alikuwa mwenye kiwanda cha sabuni," jambo la kwanza nililouliza ni mafuta aliyapata wapi.

William Hesketh Lever alizaliwa Bolton mwaka 1851, mtoto wa mwenye duka la vyakula. Mwaka 1884 aliandikisha jina la Sunlight kwa sabuni ya kufulia. Wakati huo sabuni nyingi zilitengenezwa kwa mafuta ya wanyama na kuuzwa kwa kukatwa vipande kutoka mche mrefu. Yeye aliegemea mafuta ya mimea, akaiuza sabuni yake ikiwa imeshakatwa na kufungwa kwenye karatasi yenye jina. Kufikia 1888 alikuwa ameanza kujenga Port Sunlight kwa ajili ya wafanyakazi wake: nyumba zenye bustani, shule, ukumbi, kanisa. Faida hakutaka kuwagawia mkononi. Aliona heri aigeuze kuwa makazi. Mkewe, Elizabeth, alifariki mwaka 1913, na jumba hili la mawe meupe lenye kuba mbili likajengwa kwa kumbukumbu yake. Princess Beatrice, binti mdogo wa Malkia Victoria, alilifungua mwezi Desemba 1922.

Picha na sabuni zilikutana kwa Lever mapema sana. Mwaka 1889, kwenye maonyesho ya Royal Academy, alinunua picha ya William Powell Frith ya msichana mdogo anayeinua nguo yake mpya, nyeupe kabisa. Lever akaigeuza tangazo la Sunlight. Frith alikasirika na kulalamika hadharani, na mimi nipo upande wa Frith. Alikuwa amechora furaha ya mtoto aliyepata nguo mpya, si ya mama aliyemaliza kufua. Miaka michache kabla, jambo kama hilo lilimpata Millais. Alimchora mjukuu wake akitazama povu linaloelea hewani, picha ikanunuliwa, ikafika kwa kampuni ya sabuni ya Pears, na kipande cha sabuni kikaongezwa miguuni pa mtoto. Baadaye Pears yenyewe ikamezwa na kampuni ya Lever.

Kwa njia hiyo hiyo ya Pears ilifika picha ndogo ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona. Lawrence Alma-Tadema aliichora mwaka 1881, na ukubwa wake unazidi kidogo tu karatasi ya kuandikia barua. Mwanamke wa Kirumi amejilaza katika chumba cha joto cha hamamu, mashavu mekundu, mkono mmoja umeshika upepeo wa manyoya ya mbuni na mwingine chombo kilichopinda cha kukwangulia mwili. Marumaru, ngozi ya mnyama, manyoya, ngozi ya binadamu: kila kimoja kinaonekana kana kwamba ukikigusa utahisi tofauti yake. Warumi walijipaka mafuta, kisha wakayakwangua pamoja na uchafu. Sabuni haikuhusika. Hata hivyo wenye sabuni waliitaka picha hii, kwa sababu usafi wenyewe ulikuwa umeanza kuuzwa kama ndoto.

Nadhani hapo ndipo ladha ya Lever inapoeleweka. Alipenda kitu kilichokamilika, kisicho na doa. Ndivyo ilivyo picha ya Frederic Leighton ya maandamano ya kumheshimu Apollo, yenye urefu wa zaidi ya mita tano, ambayo naiheshimu bila kuipenda. Ndivyo ilivyo pia sanamu ya Edward Onslow Ford ya mwaka 1901, msichana wa marumaru aliyelala juu ya theluji. Ford alifariki mwaka huo huo. Jiwe ni jeupe, theluji ni nyeupe, mwili ni mweupe, na mpaka kati yao umeachwa ufifie kiasi kwamba huwezi kusema msichana anaishia wapi. Ukizunguka nyuma, unaona jinsi mgongo ulivyolainishwa mpaka mwanga unaingia ndani ya jiwe kidogo kabla ya kurudi. Ni kazi ya mikono yenye subira ya ajabu. Mwalimu yeyote wa sanaa angetamani kumleta mwanafunzi wake ashike kalamu mbele yake.

Lakini kuna chumba ambacho usafi huo wote unanyamaza. Hubert von Herkomer, mtoto wa mchonga mbao maskini wa Bavaria aliyehamia Uingereza, alichora mwaka 1875 wanajeshi wazee wa hospitali ya Chelsea wakiwa kanisani. Safu kwa safu za makoti mekundu na vichwa vyenye mvi. Inakubidi uangalie kwa makini ndipo utambue kwamba mzee mmoja wa mbele amefariki ameketi, na jirani yake ameshika kifundo cha mkono wake akitafuta mapigo. Wengine bado hawajajua. Herkomer alitumia nyuso za wazee wa kweli, kila mmoja na sura yake, na kwa hilo amewafanya wasisahaulike. Mwanangu alisimama pale bila kusema neno, naye si mtu wa kunyamaza.

Sasa nirudi kwenye mafuta. Mwaka 1911 Lever alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, ikaundwa kampuni ya Huileries du Congo Belge, nayo ikapewa haki juu ya misitu ya michikichi katika maeneo matano ya Kongo, yenye ukubwa wa hadi hekta 750,000. Kituo chake kimoja kikuu kilikuwa Lusanga, kwenye mto Kwilu. Pakabadilishwa jina pakawa Leverville. Kodi ya kichwa, shinikizo kwa machifu, askari na wasajili wa wafanyakazi vilitumika kuwapandisha wanaume mtini kwa ujira mdogo. Jules Marchal, mwanadiplomasia wa zamani wa Ubelgiji, alizipekua nyaraka za serikali yake na kuandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo ya shuruti. Lever alifariki Mei 1925, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Kongo. Mwaka 1931, bei ya chikichi ilipoporomoka na kodi ikabaki palepale, Wapende wa Kwilu waliasi. Ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na majeshi yakaua Wapende zaidi ya mia tano.

Najua mchikichi una urefu gani. Najua mkwezi akishuka, mapaja yake yanatetemeka, na najua kuna wasioshuka salama. Baba mdogo alipanda mti wake kwa hiari yake, akauza chikichi zake, na siku aliyochoka alikaa. Tofauti hiyo ndiyo niliyoibeba kutoka picha moja hadi nyingine. Sisemi picha zishushwe. Hunt, Herkomer na Ford hawakumtuma mtu yeyote mtini, na ningesikitika sana kama wajukuu zangu wasingewaona. Ninachosema ni kwamba kila anayeingia jumba lile bila kiingilio anastahili kulijua jina la Lusanga kama anavyolijua la Port Sunlight, kwa sababu jasho la Lusanga lilikuwa sehemu ya utajiri wa nyumba hiyo.

Na Lusanga nako kuna wachongaji. Tangu 2014 kuna chama cha wafanyakazi wa mashamba, CATPC, ambao hufinyanga sanamu kwa udongo wa kwao. Sanamu hizo hunakiliwa Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese, kisha huuzwa kwenye soko la sanaa. Moja kati ya sanamu hizo ni ya mkusanya sanaa. Mwaka 2017 walifungua jumba jeupe la maonyesho huko huko Lusanga, wakisaidiana na msanii wa Uholanzi, Renzo Martens, na mwaka 2024 kazi zao zilionyeshwa Venice, kwenye banda la Uholanzi. Fedha za sanamu wanazitumia kununua tena ardhi iliyochoshwa na mchikichi, na juu yake wanapanda chakula na miti ya aina nyingi.