Kumwandaa Mtoto Kabla ya Upasuaji

Upasuaji wa mafindofindo au wa ngiri huchukua muda mfupi, lakini hofu ya mtoto huanza siku anapowasikia watu wazima wakinong'onezana habari zake. Ndiyo maana aambiwe mapema, kwa kadiri ya umri wake. Wa miaka 2 au 3 huambiwa siku yenyewe au usiku wa kuamkia siku hiyo. Wa miaka 4 hadi 6, siku chache kabla. Mkubwa zaidi apewe hata wiki nzima, maana atakuwa na maswali.

Mtoto wa umri wa chekechea hudhani kuwa ugonjwa ni adhabu ya utundu wake, na kitisho cha nyumbani cha "daktari atakuchoma sindano" humthibitishia hivyo. Aliyezoea kumtisha hana budi kumwambia waziwazi kwamba hakukosa lolote. Hata neno usingizi lataka maelezo: huu ni usingizi wa dawa, hatasikia maumivu, na dawa ikiisha nguvu ataamka.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusema "haiumi". Sindano huuma, na mtoto aliyedanganywa leo, safari ijayo hatamwamini mtu. Afadhali aambiwe itauma kidogo, kama kufinywa, kisha itaisha. Apewe mwanasesere amfunge bandeji nyuma ya kiganja, mahali ambapo yeye mwenyewe huenda akawekewa kanula, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani. Wakati wa kuchomwa, apakatwe kifua kwa kifua badala ya kukandamizwa kitandani, naye apulize polepole kama anayepoza uji. Kwa mtoto mchanga, ikiwa muda wa kufunga kabla ya upasuaji haujaanza, kunyonya ziwa la mama kabla ya sindano na wakati wa kuchomwa hupunguza maumivu.

Halafu kuna kufunga. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe husimamishwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maziwa ya mama saa 4, na maji saa 2, isipokuwa hospitali imeagiza vingine. Dawa ya usingizi hulegeza mwili kiasi kwamba kilichomo tumboni chaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni. Nyumba nzima ielezwe sababu hiyo, pamoja na bibi anayemhurumia mjukuu akampa kipande cha mkate alfajiri. Ikitokea mtoto amekula, muuguzi aambiwe bila kuficha kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji. Upasuaji usio wa dharura unaweza kupangiwa wakati mwingine.