Mkia wa Samaki Ukiharibika

Wako vijana katika mitaa ya Kinondoni na Temeke wafugao samaki ndani ya vyombo vya kioo. Leo nitawaeleza habari za mmoja wao, aitwaye beta, na jinsi mapezi yake yaharibikavyo.

Asili ya beta ni nchi ya Thailand, iliyoitwa Siamu zamani. Mwaka 2019 serikali ya huko ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Beta wa porini ana mapezi mafupi. Mkia mrefu kama ukaya ni kazi ya wafugaji, waliochagua wazazi wenye mapezi marefu, kizazi baada ya kizazi. Lakini pezi refu ni jembamba, nalo hupasuka upesi.

Yapo mambo matatu yaharibuyo mapezi, na kila moja lina alama yake. La kwanza ni kupasuka, samaki akipita penye jiwe kali. Mpasuko huo ni safi, wala hauongezeki. La pili ni kung'atwa. Madume wawili wakiwekwa pamoja huraruana. Tena yuko beta aumaye mkia wake mwenyewe, ukaona kipande kimetoka kwa usiku mmoja. La tatu ni kuoza. Ukingo wa pezi hugeuka mweusi, au mwekundu, au huwa na utando mweupe, na uharibifu hupanda siku kwa siku kuelekea mwilini. Huu ni ugonjwa wa bakteria, ambao aghalabu humshinda samaki aliyekwisha dhoofishwa na maji mabaya.

Wako watu ambao wakiona hivyo hutia majini vidonge vya binadamu. Si vema. Dawa hiyo yaweza kuua bakteria wema wageuzao uchafu, maji yakazidi kuwa na sumu. Tena dawa zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, hata siku moja mtoto mgonjwa asipone kwa dawa ile ile.

Tiba ya kwanza ni maji safi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyoonekana. Kwa hiyo maji huweza kung'aa na bado yakamdhuru. Badilisha robo ya maji kila siku, wala usiyamwage yote kwa mara moja. Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi ndooni usiku na mchana kwanza. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayamfai. Chombo kiwe cha lita 10 au zaidi, kikae kivulini, na chini ya kifuniko pawe na nafasi ya hewa, kwani beta huja juu kuvuta pumzi.

Baada ya wiki moja au mbili huenda ukaona ukingo mwembamba, mwangavu kama kioo. Usidhani ni ugonjwa umerudi, wala usiukate: hilo ndilo pezi jipya linaloota. Lakini uozo ukifika penye shina, pezi huenda lisiote tena. Basi ukiona unaendelea kupanda ingawa maji ni safi, usingoje. Mwendee daktari wa mifugo.

Kwa herini.