Seli Shina za Damu ya Kitovu: Baina ya Kugawanyika na Kushikamana

Utangulizi

Mtoto anapozaliwa, kitovu hukatwa na aghalabu kondo la nyuma hutupwa. Hata hivyo, damu inayosalia humo ina seli shina, yaani seli zenye uwezo wa kujizalisha na kuzaa aina zote za seli za damu. Mnamo 1988, jijini Paris, Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mvulana mwenye anemia ya Fanconi kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Huo ndio uliokuwa upandikizaji wa kwanza wa damu ya aina hiyo.

Tatizo la uchache

Damu ya kitovu kimoja ni kidogo, takriban mililita 100. Huweza kumtosha mtoto, lakini kwa mtu mzima seli zake ni chache na damu mpya hukawia kutokea, hali inayomweka mgonjwa katika hatari ya maambukizi. Ndiposa wanasayansi huzikuza seli hizo maabarani kwa kutumia protini zinazozichochea kugawanyika.

Safari ya kuelekea ubohoni

Wingi pekee hautoshi. Seli hutiwa mshipani, nayo makao yake yamo ubohoni. Kwanza, selektini za ukuta wa mshipa huipunguzia kasi. Kisha kemokini iitwayo CXCL12, itokayo ubohoni, huiita kupitia kipokezi chake, CXCR4. Hapo integrini ya VLA-4 iliyo juu ya seli huikamata VCAM-1 iliyo ukutani, na seli hupenya.

Neno 'shikamana' linasadifu hapa. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana hudokeza pande mbili: molekuli ya seli na molekuli ya ukuta. Upande mmoja ukikosekana, hakuna mshikamano.

Athari za mgawanyiko

Glimm, Oh na Eaves (2000) walidhihirisha, kwa kutumia panya, kwamba seli shina za damu ya kitovu zilizochochewa kugawanyika hushindwa kustawi ubohoni zikiwa katika awamu za S, G2 na M, ilhali zilizo katika G1 hufaulu. Mtu angedhani kwamba seli hizo zimepoteza mshiko. La hasha! Giet na wenzake (2002) walibaini kwamba seli zinazogawanyika hunata zaidi kwenye fibronektini lakini husafiri kwa shida. Msafiri hana budi kushika na kuachilia. Anayeng'ang'ania mahali pamoja hafiki aendako.

Hitimisho

Suluhisho, basi, ni kuziongeza seli bila kuzipotezea uwezo wa kusafiri. Nikotinamidi, aina mojawapo ya vitamini B3, imesaidia katika jambo hili, na mnamo Aprili 2023 Marekani iliidhinisha omidubicel, tiba ya damu ya kitovu iliyokuzwa kwa njia hiyo, kwa wagonjwa wa saratani za damu wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Kilichokuwa kikitupwa sasa huokoa maisha.