NCHI JIRANI: AHADI YA SHIRIKA INAPOFIKA DIRISHANI

Mashirika mengi ya umma katika Afrika Mashariki yameandika maadili yake: uadilifu, uwajibikaji, heshima kwa mwananchi. Maneno hayo hutundikwa ukutani, na pengine juu ya dirisha lile lile ambapo mwananchi huambiwa arudi kesho. Maneno yenyewe hayana ubaya. Lakini neno uadilifu peke yake halimwelezi karani afanye nini saa tatu asubuhi, foleni inapokuwa imefika mlangoni.

Mwaka 2004 serikali ya Kenya, chini ya Rais Mwai Kibaki, ilianza kutia saini mikataba ya utendaji kazi na mashirika 16 ya umma. Bodi iliahidi mbele ya serikali, mkurugenzi akaahidi mbele ya bodi, na wakuu wa idara wakapokea sehemu zao. Baadaye utaratibu huo ulienea katika wizara na idara nyingine. Pamoja na mikataba hiyo ikaja hati ya huduma, ambayo hubandikwa mahali pa wazi na kueleza huduma inayotolewa, mwananchi alete nini, alipe kiasi gani na angoje muda gani. Hapo heshima huacha kuwa neno tupu. Ikiwa hati inasema siku tatu, siku ya nne mwananchi ana haki ya kuuliza, na karani anajua kwamba ataulizwa.

Rwanda nayo ilianza mwaka 2006 utaratibu wake wa imihigo. Jina hilo ni la kale. Lilihusu viapo vya mtu kutamka hadharani tendo la ushujaa atakalolitimiza. Safari hii wakuu wa wilaya walitia saini malengo yao mbele ya Rais, na ahadi za namna hiyo zikashuka hadi kwa watumishi wa ngazi za chini. Kila mwaka hupimwa nani ametimiza na nani hakutimiza.

Ndipo ilipojitokeza hatari ambayo wasifiaji wa mikataba hawapendi kuitaja. Mtumishi anayeogopa aibu ya kushindwa anaweza kutimiza lengo kwa kalamu. Wanyarwanda wenyewe wamelipatia jambo hilo jina, gutekinika, yaani kupamba taarifa ili kazi isiyofanyika ionekane imefanyika. Takwimu za bima ya afya ya jamii nazo hazikusalimika. Takwimu za namna hiyo zikighushiwa, anayeumia ni mgonjwa anayefika zahanati na kukuta kwamba bima aliyohesabiwa kuwa nayo haipo.

Kwa hiyo mkataba hautoshi. Wafanyakazi humtazama mkuu wao siku anapoletewa habari mbaya. Akimkaripia aliyesema kweli, mwezi ujao ataletewa taarifa nzuri, nayo itakuwa ya uongo. Humtazama pia ndugu yake anapokuja na shida. Ndugu huyo akihudumiwa kwa mlango wa nyuma, karani hahitaji semina nyingine kuhusu usawa, amekwisha elewa. Lakini mkuu akimwambia ndugu yake akapange foleni pamoja na wengine, habari hiyo itakuwa imefika kwa dereva na mfagizi kabla ya saa ya chakula cha mchana.