Manjano na Vidonda vya Utumbo

Manjano mwayajua: ni unga ule unaoupa mchuzi rangi, na mimea yake hulimwa Unguja na Pemba. Ndani yake mna kitu kiitwacho kurkumini, nacho ni antioksidanti. Maana yake nini?

Utumbo ukishambuliwa na vijidudu, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale na kumwaga kemikali kali za oksijeni ili kuwaua. Lakini uko ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao chembe hizo hupigana bila ya kuwapo adui wa kuonekana, na mwili wenyewe ndio unaoumia. Antioksidanti hupunguza ukali wa kemikali hizo.

Mwaka 2006 madaktari wa Japani walitangaza habari za wagonjwa 89 ambao vidonda vyao vilikuwa vimetulia. Kwa miezi 6 wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Wengine wakaongezewa gramu 2 za kurkumini kila siku, na wengine vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Ugonjwa uliwarudia watu 2 katika 43 waliopewa kurkumini, na 8 katika 39 wa upande wa pili. Watu ni wachache, lakini tofauti hiyo si ya kudharau.

Basi tule manjano? Pigeni hesabu kwanza. Gramu 100 za unga zina kurkumini gramu 3 hivi. Kwa hiyo gramu 2 zataka unga wa gramu 60 na zaidi kila siku. Mchuzi gani huo! Na vidonge vyenye nguvu vya madukani vimewahi kuwadhuru watu ini.

Kwetu Gashoho liko jambo kubwa zaidi. Kuhara damu huku mara nyingi huletwa na bakteria wa shigela au na amiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shigela ilienea sana Burundi. Dalili zafanana mno na za vidonda vile: damu, kamasi, tumbo kukata. Tena dawa za kutuliza uvimbe, akipewa mtu mwenye amiba, zaweza kumwua. Ndiyo sababu mganga hutaka choo kwanza akitazame katika hadubini, tena kikiwa kipya, maana kikikaa amiba huacha kutembea, na kuwatambua huwa kazi ngumu.