New Orleans: Wanafunzi wale wale, walimu wengine

Kwenye shule za umma za New Orleans, Marekani, wanafunzi wengi ni weusi, kama zamani. Waliobadilika ni walimu.

Kabla ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, walimu 7 hivi kati ya 10 walikuwa weusi. Kufikia 2014 walibaki karibu nusu.

Ilikuwaje? Baada ya mafuriko, wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule walipigwa chini, wakiwemo walimu zaidi ya 4,000. Wengi walikuwa kina mama weusi wenye uzoefu wa miaka mingi, mshahara huo ndio uliolipia nyumba. Jimbo la Louisiana likachukua shule nyingi, zikageuzwa kuwa za mkataba: pesa ni ya umma, ila bodi binafsi ndiyo inaajiri na kufukuza. Nyingi zikachukua vijana wa Teach For America, ambao huahidi kufundisha miaka miwili tu.

Alama za mitihani zilipanda, kweli. Ila waliofukuzwa walienda mahakamani, wakashinda ngazi za chini, halafu Oktoba 2014 Mahakama ya Juu ya Louisiana ikafuta ushindi wao. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa. Fidia waliyokuwa wameshinda katika kesi hiyo hawakulipwa.