Kenya: Vipambo vya magari ya zamani na jinsi vinavyookolewa nyumbani

Kila mwaka jijini Nairobi, wenye magari ya zamani hukutana katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kwa mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Majaji hukagua gari ndani na nje, kuanzia injini hadi uvunguni. Kazi iliyolifikisha gari hapo, hata hivyo, mara nyingi hufanywa uani kwa msasa, maji ya sabuni na subira.

Nchini Kenya magari hayo yana uzito wa historia. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Kwa kuwa sheria za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka 8, magari ya enzi hiyo yaliyosalia nchini ni hazina isiyoongezeka. Bampa, mkanda wa mlangoni au nembo ikitupwa, huenda nyingine ya asili isipatikane.

Jambo la kwanza ni kutambua madini, kwa sababu gari moja huweza kubeba aina nne za vipambo vinavyong'aa kwa namna moja. Sumaku isiponata, mara nyingi kipande ni alumini au zinki, ingawa baadhi ya vyuma visivyoshika kutu navyo havinatwi na sumaku. Alumini ni nyepesi, zinki ni nzito. Ikinata, kipande kigeuzwe. Upande wa nyuma ukiwa na kutu nyekundu, hicho ni chuma kilichopakwa kromu. Ukiwa na rangi ileile ya mbele, ni chuma kisichoshika kutu. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo vitu vizuri huharibikia.

Kromu ndiyo inayodanganya zaidi. Tabaka lake halifiki hata mikroni 1, wakati unywele wa binadamu una makumi ya mikroni. Chini yake kuna nikeli, kisha chuma. Vidoa vidogo vya kutu huondoka kwa kusugua taratibu kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyochovywa majini, kwani alumini ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi. Baadaye kipande hukaushwa na kupakwa nta. Msasa haufai hapa kamwe. Mahali kromu ilipokwisha kubanduka, hakuna dawa ya kung'arisha itakayoirudisha. Kipande kitahitaji kupakwa upya kiwandani. Kujaribu kazi hiyo nyumbani ni hatari kubwa, kwa kuwa aina ya kromu iliyozoeleka katika upakaji huo inajulikana kusababisha saratani.

Chuma kisichoshika kutu kina huruma zaidi, maana ni kilekile hadi ndani. Mkanda uliobonyea hulazwa kifudifudi juu ya ubao laini na kugongwa kidogo kidogo kwa nyuma. Mikwaruzo huondolewa kwa msasa wenye maji, kuanzia namba 400, kisha 600, 800 na 1000, kila namba ikifuta alama za iliyotangulia. Mwisho huja gurudumu la kung'arishia. Mafundi wengi huanza na gurudumu la katani, zao lililolimwa Afrika Mashariki tangu enzi za Wajerumani, kisha humalizia kwa la pamba.

Alumini yenye ukungu mweupe huwashinda wengi, kwani kiwandani ilivikwa tabaka gumu la oksidi ambalo dawa ya kung'arishia haipenyi. Tabaka hilo huyeyushwa kwa kostiki soda, lakini kazi hiyo huunguza ngozi na macho, na hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Anayethubutu huvaa glavu na miwani, hufanyia kazi mahali pa wazi, na humimina soda ndani ya maji, si maji juu ya soda. Alumini iliyovuliwa hivyo itahitaji nta mara kwa mara. Kama ukungu ni mdogo, ni busara kuuacha.

Raba za madirisha hazihitaji zaidi ya sabuni na gliserini. Mazoea ya kuzipaka dizeli au oili chafu huzing'arisha kwa siku chache, kisha zikafura na kulegea.

Kabla ya kurudisha vipambo, matundu ya klipu hukaguliwa, kwa kuwa mara nyingi kutu ya bodi huanzia hapo. Hukwanguliwa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa zikauke kabisa. Kipande cha alumini kikigusa chuma kitupu penye unyevu, kitaliwa upya kwa nyuma, mahali jicho lisipofika.